Mzee wangu alikata mabati ya asbesto kwa msumeno: je, ni kweli wakati ule hakuna aliyejua?

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi paa hapa Mwanza, nina miaka 39. Baba yangu naye alikuwa fundi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980 alikuwa akiezeka maghala, madarasa na nyumba za watumishi kwa yale mabati ya asbesto, mazito, ya kijivu kama simenti. Walikuwa wanayakata kwa msumeno wa mbao, na jioni anarudi nyumbani mweupe kama mtu aliyetoka kinu cha unga. Mama ndiye aliyekuwa akizikung'uta zile nguo na kuzifua. Sasa mzee ana miaka 72. Akipanda mlima kuja kwangu Isamilo anasimama mara tatu au nne kutafuta pumzi, na ana kikohozi kikavu kisichoisha. Miaka miwili iliyopita alipewa dawa za TB, akamaliza dozi, hakuona nafuu. Yeye anasema, 'Wakati ule hakuna aliyejua, hata Wazungu hawakujua.' Ni kweli? Pili, nimepewa kazi ya kuezua nyumba ya zamani huku Nyakato, na mwenye nyumba anataka hayo mabati niyakate kwa grenda nimjengee banda la kuku. Wenzangu wananiambia nikinywa maziwa na kujifunga kitambaa puani hakuna tatizo, tena hii ni asbesto nyeupe, mbaya ni ile ya bluu. Mwisho, msumeno wa mzee ninao mimi, ndio ninaofanyia kazi. Niutupe?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa mara moja, lakini nikisoma maneno yako naona lipo moja linalokukaa moyoni kuliko mengine: kama mzee ameumia, je, aliumizwa na ujinga wa zama zake, au yupo aliyejua akanyamaza? Nitaanza hapo, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuongoza kwenye hiyo kazi ya Nyakato. Ila kabla sijaendelea, grenda iweke chini. Usikate hata bati moja mpaka umalize kusoma.

Mzee wako anasema kweli kwa upande wake. Yeye hakujua, wala msimamizi wake pale kazini huenda hakujua. Bati lilishushwa kwenye lori, likapimwa, likapigwa mstari kwa penseli, likakatwa. Hakuna aliyekuja kumwambia funga pua, mwagia maji, usirudi na hizo nguo nyumbani. Lakini kusema hakuna aliyejua duniani, hilo si kweli hata kidogo. Ubaya wa lile vumbi uliandikwa kabla bati lenyewe halijabuniwa.

Mwaka 1898 huko Uingereza mkaguzi wa viwanda aliyeitwa Lucy Deane, mmoja wa wanawake wa kwanza kupewa kazi hiyo, aliandika katika ripoti ya serikali kuhusu vumbi la asbesto. Lilikuwa limetazamwa kwa hadubini, na chembe zake zikaonekana kali, zenye ncha na kingo kama vioo vilivyopasuka, na waliolivuta hewani walikuwa wanadhurika. Sasa bati la asbesto na simenti, hili ambalo mzee wako alilikata, lilipewa hataza mwaka 1901 kwa jina la Ludwig Hatschek wa Austria. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi katikati.

Mwaka 1899 daktari mmoja wa hospitali ya Charing Cross mjini London, Montague Murray, alimpokea mgonjwa wa miaka 33 aliyekuwa akifanya kazi ya kuchambua nyuzi za asbesto kiwandani. Yule mgonjwa alimwambia kwamba walikuwa kumi katika chumba chao cha kazi, na yeye ndiye pekee aliyebaki hai. Mwaka uliofuata naye akafa. Mapafu yake yalikutwa yamejaa makovu. Murray alilieleza jambo hilo mbele ya kamati ya serikali mwaka 1906, na mwaka huohuo mkaguzi wa Ufaransa, Denis Auribault, akaandika kuhusu vifo vya wafanyakazi wapatao hamsini katika kiwanda kimoja cha huko Normandy. Mwaka 1924 daktari W. E. Cooke alichapisha habari za Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, aliyefariki naye akiwa na miaka 33. Kuna jambo kwenye maiti ile nataka ulishike, tutalirudia tukifika kwa mzee: mapafu yake yalikuwa na alama za TB pia. Cooke alilazimika kutenganisha kovu la TB na kovu la vumbi. Miaka mitatu baadaye aliupa ugonjwa huo jina la asbestosisi.

Kisha ikaja ripoti ambayo baada yake hapakuwa na kisingizio tena. Mwaka 1930 Merewether na Price, kwa niaba ya serikali ya Uingereza, walieleza matokeo ya kuwapima wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto. Watu 95 walikuwa tayari na makovu mapafuni, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Mwaka uliofuata zikatungwa kanuni za kudhibiti vumbi.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kanuni zile za 1931 ziliishia mlango wa kiwanda. Zilimtazama anayesokota na kufuma nyuzi, hazikumtazama fundi aliye juu ya kenchi na msumeno mkononi. Hoja ilikuwa kwamba katika bati nyuzi zimekwisha kufungwa ndani ya simenti. Katika mabati mengi asbesto ni kama sehemu 10 hadi 15 tu kati ya 100, iliyobaki ni simenti, na bati likitulia juu ya paa halitoi kitu cha kutisha. Hiyo ni kweli kabisa, na nitaitumia mwenyewe baadaye nikikushauri. Lakini ni kweli ya bati lililotulia. Bati halipandi juu ya nyumba bila kupimwa, kukatwa pembe, kutobolewa matundu ya misumari na bolti. Kila jino la msumeno lilikuwa linafungua ile kufuli ya simenti, na aliyekuwa ameinamisha uso juu yake ni baba yako.

Saratani nayo ilijulikana mapema kuliko anavyodhani mzee. Mwaka 1955 Richard Doll wa Uingereza alionyesha kwamba wanaume waliofanya kazi kiwandani kwenye vumbi hilo kwa miaka 20 au zaidi walikuwa wakipata saratani ya mapafu karibu mara kumi ya watu wengine. Mwaka 1960 likatoka jambo la huku kwetu Afrika. Katika hospitali ya TB mjini Kimberley, Afrika Kusini, daktari Christopher Sleggs alikuwa na wagonjwa wa utando wa mapafu walioaminika kuwa na TB, wakapewa dawa za TB, na hawakupona. Alipoangalia wanatoka wapi, akaona wengi wanatoka upande wa magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu. Yeye na wenzake, J. C. Wagner na Paul Marchand, wakaandika juu ya wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, inayoitwa mesotelioma. Wengi wao hawakuwahi kuchimba. Walikuwa wameishi au kuchezea utotoni karibu na machimbo.

Mwaka 1965 mjini London, Newhouse na Thompson wakachunguza wagonjwa wa saratani hiyohiyo. Tisa kati yao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto, ila waliishi na mtu aliyeifanya. Kisa kilichojirudia zaidi ni cha mke aliyekuwa akifua nguo za kazi za mumewe. Umenielewa kwa nini nilisimama uliposema mama alikuwa akizikung'uta. Nitamrudia.

Kwa hiyo mzee wako alipoanza kazi miaka ya 1970, maandishi yalikuwa yamekwisha kujaa makabati ya watu. Uingereza yenyewe ilikuwa imetunga kanuni mpya mwaka 1969, na safari hii zikamfikia hata fundi wa ujenzi. Elimu ilikuwepo, lakini haikupanda lori pamoja na mabati. Mwambie mzee kwa upole kwamba kosa si lake, wala si ujinga wake. Alinyimwa habari iliyokuwa haki yake.

Sasa nikueleze lile vumbi linafanya nini, maana bila kuelewa hilo utarudi kwenye maziwa na kitambaa. Mezani kwangu ninacho kipande cha bati la asbesto ukubwa wa kiganja, nimekifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki angavu na kuiziba kwa gundi, huwa nawaonyesha wanafunzi. Upande ambao haujavunjika ni kijivu, laini, huwezi kuutofautisha na sakafu. Lakini kwenye ukingo uliovunjika, ukiweka kioo cha kukuzia, unaona vishungi vimechomoza kama katani kwenye gunia lililochanika. Huo ndio uzi wa asbesto. Ukiuvunja haukatiki vipande vifupi kama mchanga, unapasuka kwa urefu. Uzi mmoja unakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, kila mmoja mwembamba kuliko mwenzake lakini mrefu vilevile, mpaka unafikia wembamba ambao unywele wako ni gogo ukilinganisha nao.

Vumbi jeupe lililompaka mzee lilikuwa zito, linaanguka chini, na mengi ya hayo ni simenti. Lenye hatari zaidi hukuliona wewe wala yeye. Linaelea hewani kwa saa nyingi baada ya msumeno kunyamaza, na kwa kuwa ni jembamba mno linapita pua, linapita koo, linashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa chini kabisa ya mapafu. Huko mwili una seli zake za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli inajaribu kuumeza uzi, lakini uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe. Inashindwa, inakufa, inamwaga kemikali zake pale, nyingine inakuja kujaribu, nayo inashindwa. Mwako huo hauzimiki. Mwili unafanya unachofanya kwenye kidonda chochote, unaweka kovu. Kovu halitanuki. Pafu lililokuwa laini kama sponji linaanza kuwa gumu, na mtu anaanza kusimama mara tatu kwenye mlima aliokuwa akiupanda na boriti begani. Nyuzi nyingine husafiri hadi kwenye utando unaozunguka mapafu, na huko ndiko mesotelioma inakoanzia.

Haya yote huenda taratibu mno. Makovu huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujitokeza. Mesotelioma mara nyingi huchukua miaka 30 hadi 40, pengine 50. Ndiyo maana fundi hukata leo, hasikii kitu, kesho hasikii kitu, anasema "mbona mimi mzima?" Kipimo chake kinakuja akiwa na wajukuu.

Maziwa basi yanaingia wapi? Maziwa yanapita umio kwenda tumboni. Nyuzi ziko mapafuni. Njia hizo mbili zinaachana kooni, na hakuna kinywaji kinachoshuka kuosha vifuko vya hewa. Kunywa maziwa kwa afya yako, lakini usiyape kazi isiyo yao. Kitambaa nacho, hata barakoa ya hospitali, kinazuia vumbi lile zito linaloonekana na kuacha jembamba lipite katikati ya nyuzi zake na pembeni ya shavu. Ni hatari zaidi kuliko kutovaa kitu, kwa sababu kinakupa moyo wa kuendelea kukata. Wengine husema katia nje, upepo wa ziwa utapeperusha. Unapeperusha, ndiyo. Mchana upepo unatoka ziwani kuingia mjini, na Nyakato kila ukuta una jirani nyuma yake, mwenye mtoto uani na dagaa juani.

Kuhusu nyeupe na bluu, wenzako wameshika nusu ya kweli. Ya bluu na ya kahawia ni mbaya zaidi kwa mesotelioma. Lakini nyeupe nayo inaleta makovu, inaleta saratani ya mapafu, inaleta mesotelioma, na Shirika la Afya Duniani linazihesabu aina zote kuwa chanzo cha saratani. Uingereza ilipiga marufuku bluu na kahawia mwaka 1985, na nyeupe ikafuata mwaka 1999. Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba, ilipiga marufuku mwaka 2008. Tena mabati mengine yalichanganywa aina, na simenti imezifanya zote kuwa kijivu. Hakuna fundi, wala daktari, anayeweza kutazama bati juu ya paa akakwambia ndani ni rangi gani.

Halafu grenda. Mzee wako alitumia msumeno wa mkono, na vipimo vilivyofanywa Uingereza vinaonyesha kwamba huo hutoa nyuzi chache kuliko mashine kwa mbali sana. Diski inayozunguka kwa kasi, ikikata bati kavu, inaweza kupandisha nyuzi zaidi ya 10 katika kila mililita ya hewa. Kikomo kinachotumika sasa Uingereza na Marekani ni 0.1. Hiyo ni zaidi ya mara mia. Utafiti wa huko Uingereza uliotolewa mwaka 2009 uliangalia maseremala waliozaliwa miaka ya 1940, waliofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kufikisha miaka 30: mmoja kati ya 17 anatarajiwa kufa kwa mesotelioma. Niwe mkweli kwako, wengi wao walikuwa wakikata mbao za dari zenye asbesto ya kahawia, ambazo ni mbaya kuliko bati la simenti, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukamvika mzee wako. Nimekupa ili uone mashine ya kukatia inafanya nini ikikutana na asbesto mikononi mwa fundi wa kawaida.

Banda la kuku, basi, hapana. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania, bora uikose kazi. Najua mwezi ukiwa mkavu sentensi hiyo ni rahisi kuandika kuliko kuitii, kwa hiyo nikupe cha kumwambia.

Mweleze kwamba kama paa halijapasuka, halimeng'enyeki, halivuji, njia nafuu na salama kuliko zote ni kuliacha. Bati zima lisiloguswa halimdhuru anayelala chini yake kiasi cha kumkosesha usingizi. Linaweza kupakwa rangi ya kuziba, mradi asilikwangue kwa brashi ya waya wala kulisafisha kwa maji ya presha. Akiuliza kuhusu maji ya mvua yanayotoka hapo kwenda kwenye tangi, mwambie hatari iliyothibitika ya asbesto ni ya kuvuta hewani, si ya kunywa.

Kama paa limechoka na lazima lishuke, hiyo si kazi ya fundi mmoja na kijana wa kumshikia ngazi. Mabati haya ni taka hatarishi kisheria. Ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, iko hapahapa Mwanza, na ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, pia. Aende kwao kwanza, wamwelekeze nani mwenye kibali na zitupwe wapi. Akikwambia ni gharama, ni kweli ni gharama. Ila njia ya bei rahisi anayoijua, ya kuvunja kwa nyundo na kujazia shimo la barabara au kutupa kando ya ziwa, inaipeleka gharama hiyo kwa watoto wa watu wengine.

Nakujua hutaacha kukutana na mabati haya, maana paa za mji huu za zamani unazifahamu kuliko mimi. Shika basi haya. Usikanyage juu ya bati la asbesto hata siku moja, linavunjika ghafla kama biskuti, na fundi anayeanguka hangoji miaka 30. Usikate, usitoboe, usipige msasa, usifagie vipande vikavu. Likivunjika lenyewe, lilowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, yanyunyizie taratibu, okota vipande vikiwa vibichi, vifunge kwenye plastiki nene mara mbili. Bolti zifunguliwe, bati lishuke zima, lishushwe kwa mikono, lisirushwe. Barakoa inayofaa ni ile ya kukaza usoni yenye chujio la daraja la P3, na kwa mwenye ndevu haikazi. Nguo za kazi ziachwe kazini, zisiingie nyumbani kwako kama za baba yako zilivyoingia.

Sasa mzee. Kikohozi kikavu, pumzi kukata kwenye mlima, miaka 40 na kitu tangu vumbi, dawa za TB zisizoleta nafuu: hii ni picha ambayo lazima tuifikirie asbestosisi. Sijasema anayo. Moyo uliochoka unaleta hayohayo, sigara pia, kovu la TB ya zamani pia. Lakini nikiri kitu. Nikiwa daktari kijana niliwaandikia wazee dawa za TB bila kuwauliza hata mara moja walifanya kazi gani ujanani. Sikuwa peke yangu, na katika mkoa wenye TB nyingi kama huu, pamoja na vumbi la machimbo ya dhahabu, kikohozi kinapewa jina kabla mgonjwa hajakaa. Kwa hiyo usimwachie daktari aulize. Kaa na mzee jioni moja, mwandike kwenye karatasi alifanya kazi wapi, mwaka gani hadi mwaka gani, alikata kwa nini, ndani au nje. Aende na karatasi hiyo.

Waanze kwa kurudia kipimo cha makohozi ili TB iwekwe kando au itibiwe, ni bure kwenye vituo vya serikali. Kisha picha ya kifua, kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yamekaza kiasi gani, na kama kuna shaka, CT, yaani picha ya kina ya kompyuta. Hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ni pa kuanzia, na hospitali ya Bugando ndipo penye mabingwa. Daktari atamsikiliza mgongoni sehemu ya chini kama kuna mlio wa majani makavu yanayosagika anapovuta pumzi, na atamtazama kucha kama zimevimba na kuinama. Picha ikionyesha mabaka magumu kwenye utando wa mapafu tu, msitishike: hiyo ni alama kwamba aliwahi kukutana na asbesto, si saratani.

Akikohoa damu, akikonda bila sababu, akipata maumivu ya upande mmoja wa kifua yasiyomwachia, au pumzi ikazidi kukata ndani ya siku chache, msingoje miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo. Maji yanayojaa kwenye utando wa mapafu yanaweza kutolewa na akapumua vizuri, na yakipimwa yanaweza kusema ugonjwa ni upi.

Sitakudanganya kwamba kuna dawa ya kutoa nyuzi mapafuni au kulainisha kovu. Hakuna. Wakikuuzia mizizi ya kusafisha mapafu, okoa fedha zako. Lakini yapo ya kumsaidia: kutibu mapema kila maambukizi ya kifua, chanjo, mazoezi ya pumzi, hewa ya oksijeni ikifika mahali pa kuhitajika. Na kama anavuta sigara, hapo ndipo penye faida kubwa kuliko dawa yoyote. Kwa mafundi wa Marekani waliofuatiliwa na daktari Selikoff na wenzake, asbesto peke yake ilipandisha vifo vya saratani ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 11, na vyote viwili pamoja mara zaidi ya 50. Hata akiacha leo akiwa na miaka 72 kuna anachopata.

Mama naye aende, akiwa na kikohozi au maumivu ya kifua, na aseme wazi kwamba alikuwa akifua nguo zile. Kama hana dalili yoyote, msimtie hofu. Wengi waliofua nguo kama zake hawakuugua. Wewe vilevile: kama huna dalili, hakuna kipimo cha damu cha kukwambia ulivuta kiasi gani, na picha ya kila mwaka haitakusaidia. Kinachokusaidia ni kutoongeza.

Msumeno usiutupe. Chuma hakinywi vumbi, kilichobaki ni kidogo na kiko kwenye meno na pale mpini unapoungana na bamba. Lowanisha kitambaa kwa maji ya sabuni, ufute pande zote mbili, upitishe kwenye kila jino na kwenye huo uwazi wa mpini, kisha kitambaa kikiwa bado kibichi kifunge kwenye mfuko, utupe mfuko. Rudia mara ya pili kwa kitambaa kingine. Ukikauka upake mafuta, uendelee kukatia mbao.